Wewe kaa tu, Mama

Mama alikuwa ameshaanza. Mikono ipo kwenye egemeo la kiti, nyayo amezivuta nyuma ya magoti, kifua kimeinama mbele, bado kusukuma tu. Ndipo mdogo wangu, kitindamimba wetu mnayemjua kwa huruma zake, alipomwahi: "Mama, wewe kaa tu, maji nitakuletea mimi. Umri huu si wa kuinuka-inuka."

Mama akaachia egemeo, akarudi nyuma, akasema, "Sawa, baba."

Wiki hii idara yetu ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, imehamia jengo jipya na dada amejifungua mtoto wa kike, wote wazima, Mungu ashukuriwe. Lakini kila nikitulia ni lile jibu linalorudi. Angebisha ningelala usingizi. Mama yetu ni mtu wa kubisha, mnamjua. Alikubali haraka mno, kama mtu ambaye ameshaambiwa hivyo mara nyingi siku ambazo sisi wengine hatupo.

Naandika hapa yale ninayotaka kumwambia mdogo wangu kwa utulivu, maana kwa simu tutaishia kugombana.

Kuinuka kitini ni kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Misuli ya mbele ya paja inanyoosha goti, ya makalio inanyoosha nyonga, vigimbi vinauzuia mwili usipitilize mbele. Wakati huohuo damu nyingi, kiasi cha nusu lita au zaidi, inateremka miguuni na tumboni kwa uzito wake, na ndani ya sekunde chache mishipa inapaswa kukaza na moyo kuongeza kasi ili ubongo usikose damu. Kwa hiyo mzee anayeinuka mwenyewe kufuata maji, kufungua dirisha, kupokea simu na kuchungulia nani amebisha hodi anaizoeza miguu yake, moyo wake na mishipa yake kutwa nzima bila kuvaa raba. Ukimwondolea safari hizo kwa upendo, umemwondolea mazoezi yote ya siku, na hakuna mtu aliyepanga kumrudishia mengine.

Misuli nayo haisubiri. Kuanzia miaka ya 30 mtu hupoteza kama asilimia 3 hadi 8 ya misuli yake kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi inaongezeka. Nguvu zinapungua kuliko misuli yenyewe, na kinachopungua zaidi ya hapo ni wepesi, ule uwezo wa kutoa nguvu kwa ghafla, kwa sababu nyuzi za misuli zinazofanya kazi kwa kasi ndizo zinazosinyaa zaidi. Hizo ndizo zinazorusha mguu mbele mtu anapojikwaa. Kulala bila kutumika kunaharakisha yote hayo: wazee wenye afya njema waliokubali kulazwa kitandani siku 10 kwa ajili ya utafiti, bila kuumwa chochote, walipoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguu. Siku 10! Mafua makali yanatosha kumlaza mtu muda huo.

Lakini misuli hiyohiyo inasikia inapoitwa. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya kikundi kidogo cha wazee dhaifu wa makao ya kutunzia wazee, wastani wa umri wao miaka 90, waliofanya mazoezi mazito ya miguu kwa wiki 8. Nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Miaka 90, jamani. Mama ana 74. Ninapoweka takwimu hiyo kando ya ile "sawa, baba", ndipo moyo unaponiuma zaidi.

Basi, mdogo wangu, kiti chenyewe ndiyo dawa, na matumizi yake ni haya. Tafuta kiti kigumu kisicho na magurudumu, kimo cha kama sentimita 43 hadi 45, mgongo wake uegemee ukuta kisiteleze. Mama asogee mbele mpaka nusu ya mapaja itoke nje ya kiti. Nyayo ziachane kwa upana wa nyonga, zirudi nyuma kidogo ya magoti, visigino vikiwa chini. Ainame kutoka kwenye nyonga, mgongo ukiwa umenyooka, mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu. Hapo makalio yenyewe yataanza kuwa mepesi. Asukume sakafu kwa nyayo nzima, asimame mpaka nyonga zinyooke kabisa. Kushuka achukue sekunde tatu au nne, akikitafuta kiti kwa makalio, bila kujiangusha.

Anayeshindwa kuinuka mara nyingi anashindwa kwa sababu ya nyayo: ameziacha mbele ya magoti, na hata kijana wa miaka 20 hainuki hivyo bila kujirusha. Kosa la pili ni kuogopa kuinama. Mtu anabaki wima, uzito unabaki nyuma, anajaribu mara tatu na kukata tamaa, kisha watu wanasema miguu imekwisha. Miguu ipo, ni kifua ndicho hakikwenda mbele. Magoti yakiingia ndani na kugusana, mwambie ayasukume nje kidogo yaelekee upande wa vidole. Akibana pumzi, presha inapanda bila sababu: avute pumzi akiwa amekaa, aitoe akiinuka. Ahesabu kwa sauti, kwa kuwa anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi.

Aanze na seti mbili za mara 8, akipumzika dakika moja au mbili katikati, siku mbili au tatu kwa wiki zisizofuatana. Seti iishe akiwa bado na nguvu ya kuinuka mara mbili nyingine, isizidi hiyo. Kama hawezi hata mara tano, ongeza mto mgumu ili kiti kiwe juu zaidi, au asukume mapaja kwa mikono. Akifika mara 12 kwa urahisi, avuke mikono kifuani. Ikiwa rahisi tena, ainuke haraka na kushuka polepole, au akumbatie begi lenye kilo mbili. Hapo kwenye kuongeza ndipo wengi wanapopaacha: wanafanya yaleyale kumi kwa mwaka mzima na kushangaa nguvu haziongezeki. Maumivu ya misuli ya siku moja au mbili ni ya kawaida. Goti likivimba, au likichoma ndani ya kiungo, punguza kimo cha kushuka na uulize. Maumivu ya kifua, kukosa pumzi kusiko kwa kawaida au kuona giza, mazoezi yanasimama hapo hapo na mnakwenda hospitali.

Kama unataka kipimo, kipo. Mikono imevuka kifuani, hesabu ameinuka mara ngapi kamili ndani ya sekunde 30. Kwa mwanamke wa miaka 70 hadi 74, chini ya mara 10 ni dalili kwamba yuko kwenye hatari ya kuanguka. Kwa mwanamume wa umri huo, chini ya 12. Kusimama kisigino mbele ya vidole, mguu mmoja mbele ya mwingine, napo kunasema mengi: asiyeweza kukaa hivyo sekunde 10 anahitaji mazoezi ya usawa wa mwili, karibu na meza ya kushika, mara tatu kwa wiki au zaidi. Kutembea kunajulikana, sitapoteza maneno: Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 hadi 300 kwa wiki, kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ila kutembea peke yake hakujengi paja. Nimechoka kuwasikia watu wakisema "anatembea sana huyu" kuhusu mzee asiyeweza kutoka kwenye kiti kifupi.

Nilipofika hapa jana nikaacha kuandika. Nikaisikiliza tena ile sentensi ya mdogo wangu, safari hii nikasikia sauti yake kuliko maneno yake. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeogopa. Yeye ndiye aliyemkuta Mjomba sakafuni, mliosoma mnakumbuka, na Mjomba alikuwa amelala pale tangu usiku. Mtu akishaona hilo, kila mzee anayeinuka anamwona ameshaanguka. Hasira ikanitoka. Nabaki na hamu ya kumpa kitu cha kufanya na hofu yake, kwa sababu hofu isiyopewa kazi itamkalisha Mama mpaka miguu iishe kweli, na hapo ndipo kuanguka kunapokuja.

Cha kwanza: usimvute. Kumvuta mzee kwa mikono au kumnyanyua kwa makwapa kunaumiza bega, na kunamnyima kule kuinama mbele ambako ndiko kunamwinua. Simama upande wake dhaifu, nyuma kidogo, mkono wako mmoja ukiwa umetulia kiunoni mwake, na useme "sogea mbele, nyayo nyuma, haya". Kisha nyamaza, umpe sekunde zake. Mzee anayeinuka kwa sekunde sita hajashindwa kuinuka.

Cha pili, presha. Kama anaona kizunguzungu akisimama, mpime akiwa amelala kwa dakika tano, kisha mara tu akisimama na tena ndani ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, mpeleke kwa daktari pamoja na dawa zake zote, maana mara nyingi sababu iko humo: za presha, za kuongeza mkojo, za usingizi. Msipunguze wenyewe nyumbani. Maji nayo yanahusika, kwa kuwa kiu inafifia na umri na mzee anaweza kukaukiwa bila kuhisi. Asubuhi kabla ya kusimama akae ukingoni mwa kitanda, achezeshe vifundo vya miguu juu na chini mara kumi na tano au ishirini, ndipo asimame.

Cha tatu ndicho ninachokitaka zaidi, nacho familia nyingi hazikifundishi kabisa: kuinuka kutoka sakafuni. Anayejua kuinuka haogopi sana, na asiyeogopa sana hutembea vizuri zaidi. Mfundishe akiwa mzima, juu ya mkeka, na kiti imara karibu. Ageuke ubavu, asukume kwa kiwiko na kiganja mpaka aketi kwa upande, kisha aende kwenye magoti na mikono. Atambae mpaka kwenye kiti, aweke viganja viwili juu ya kalio la kiti, alete mguu wenye nguvu mbele, unyayo wote chini, asukume kwa mikono na mguu huo mpaka ainuke, ageuke, akae. Wengi wanakwama kwenye kuleta mguu mbele kwa sababu ya nyonga ngumu. Mto chini ya goti linalobaki unasaidia. Na kama ameanguka kweli, kwanza atulie na kujikagua. Nyonga ikiuma sana au mguu ukionekana mfupi na umepinduka nje, asisogezwe, afunikwe asipate baridi, muite msaada.

Taa ya usiku kati ya kitanda na choo, mikeka inayojikunja iondolewe, viatu vinavyofunika kisigino. Haya unayajua.

Kuna na upande wa akili, ambao ile "sawa, baba" inaugusa kuliko misuli. Tume ya jarida la tiba la Lancet mwaka 2024 ilitaja mambo 14 ambayo, yakirekebishwa, yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya magonjwa ya kusahau ya uzeeni. Kutofanya mazoezi kumo, presha imo, sonona imo, upweke umo, na kutosikia vizuri kumo pia. Hilo la masikio linanihusu sana kwa Mama, kwa sababu siku hizi anacheka wenzake wakicheka, baada yao kidogo. Nataka apimwe masikio kabla hatujasema amepoa. Mtu asiyesikia vizuri hujitoa kwenye mazungumzo, na anayeketishwa hujitoa kwenye shughuli, na baada ya muda hakuna anayemuuliza kitu. Mwache achague, aamue, apange safari ya shangazi, akosee hesabu na kuirudia. Ubongo nao unapoteza kile usichokitumia.

Protini mnaisahau pia. Mzee mwenye figo nzima anahitaji gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na Mama ana kilo 62, kwa hiyo ni kama gramu 62 hadi 74, zikigawanywa milo mitatu. Akila wanga mtupu asubuhi na mchana, si rahisi mlo wa usiku kufidia. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze bila daktari.

Nitamtumia mdogo wangu haya kesho, nikianza na lile la kutomvuta, kwa sababu ndilo ataweza kulifanya jioni hiyohiyo. Mama nitamwomba mwenyewe. Nitamwambia nahitaji mtu wa kuhesabu nami.

Halafu matokeo ya mtihani wa mtoto wa kaka bado hayajatoka. Shule ilisema Ijumaa, leo ni Jumapili usiku, na mtoto ameacha kuyataja kabisa.