Karatasi za nyumbani: na mwingine ajue zilipo

Nina steshenari ndogo Temeke, na wateja wangu wengi wako njiani kwenda Kituo Jumuishi cha masuala ya familia. Tangu kituo kile kianze kazi mwaka 2021, mirathi, ndoa na talaka zikiwa chini ya paa moja, kopi nyingi ninazotoa asubuhi ni za watu waliofiwa. Cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha familia, vitambulisho, karatasi za nyumba. Ninazigeuza moja moja juu ya kioo, na kwa kuwa ninaziona kila siku nimejifunza jambo ambalo natamani kila nyumba ya Dar ilijue: karatasi nyingi hazijapotea. Zipo ndani ya nyumba ileile, ila aliyeziweka peke yake ndiye aliyekuwa akijua ziko wapi, na sasa hayupo.

Watu wetu hutunza kwa kuficha. Chini ya godoro, kwenye sanduku la chuma, kwenye begi juu ya kabati, katikati ya kurasa za Msahafu au Biblia. Mwizi haoni, sawa, lakini mke naye haoni. Mama mmoja aliniambia wametafuta hati mpaka wakafungua mito ya makochi. Kwa hati ya ardhi iliyosajiliwa, kupata nyingine si kazi ya siku moja: unaanza polisi kwa taarifa ya upotevu, unakula kiapo, na tangazo linatoka kwenye Gazeti la Serikali kabla hujapewa mpya. Haya yote mtu anayafanya akiwa msibani, ndugu wamekaa ukumbini wanasubiri.

Sasa niseme kuhusu karatasi za mauziano, maana hizi ndizo zinaniuma zaidi. Sehemu kubwa ya mji huu watu wamenunua viwanja kwa kuandikishana tu. Juzijuzi mzee mmoja alinipa ya kiwanja cha Mbagala, ya mwaka 1994. "Mwanangu, ikunjue taratibu," akasema. Imeandikwa kwa mkono, kwa kalamu ya bluu: jina la muuzaji, jina la mnunuzi, mashahidi, sahihi ya mjumbe, muhuri wa zambarau uliofifia. Halafu mipaka, upande huu anapakana na fulani, upande ule mwembe. Ilikuwa imekunjwa mara nne ikakaa hivyo miaka yote, na mkunjo mmoja umepita juu ya mstari wa mipaka hasa. Pale wino umekatika, jina la jirani halisomeki. Karatasi hii ndiyo anayoitegemea zoezi la urasimishaji, la kupima viwanja na kuwapa watu hati, likifika mtaani kwao, na ndiyo watoto wake watakayoitegemea kesho. Tuliitandaza juu ya kioo, nikaongeza wino wa mashine kidogo kidogo mpaka herufi zikatokea kwenye kopi.

Kwa hiyo, karatasi isikunjwe. Faili la plastiki lenye mifuko linauzwa steshenari yoyote, na kila karatasi inakaa mfukoni mwake imenyooka. Laminesheni mimi nakataa kwa hati za ardhi na mauziano, hata mteja akitaka kulipa. Plastiki ile ikishashika kwa moto haitoki tena, na muhuri mpya hauwezi kugongwa juu yake. Risiti za mashine usizipitishe kwenye laminesheni kabisa, zinageuka nyeusi. Hata zikikaa tu zinafifia, hivyo risiti ya friji au ya mabati toa kopi wiki hiyohiyo uliyonunua.

Masika, Machi mpaka Mei, wateja wanaokaa karibu na Mto Kizinga huniletea karatasi zilizoshikana kwa maji. Kama unakaa bondeni, faili lisikae sakafuni wala kabati la chini. Liweke kwenye mfuko wa plastiki mzito, mahali ambapo mtu analinyakua na kutoka.

Jambo jingine ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha shule Mohammed, kitambulisho cha taifa kimeongeza jina la babu. Zitandaze zote mezani siku moja uzilinganishe ukiwa na nafasi, pamoja na tarehe za kuzaliwa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na 8 za mwanzo ndiyo tarehe yenyewe. Ukikuta tofauti, nenda kwa wakili ukaape sasa, usingoje siku ya usaili. Na wazazi wenzangu, lile tangazo la kizazi mnalopewa hospitali siyo cheti cha kuzaliwa. Cheti kinatoka RITA, wakala wa serikali wa usajili. Wako watu wazima wanagundua hili wakitafuta pasipoti.

Picha za simu zinasaidia, ila simu inaporwa kwenye daladala. Skani ujitumie kwenye barua pepe, na nywila aijue mtu mmoja unayemwamini.

Nyumbani kwangu faili ni moja, jekundu. Ukurasa wa kwanza nimeandika kwa mkono: nini kipo humu, nini kiko benki, leseni ya makazi, yaani kibali cha muda cha kumiliki kiwanja, inaisha lini, nani aliyeshuhudia tulipouziana kiwanja na anakaa wapi. Mume wangu anajua lilipo, na binti yetu mkubwa anajua. Dada yangu wa Tabata ana kopi zilizogongwa muhuri wa wakili. Mwanzoni mume wangu alinuna, akaona kama namwombea kifo. Nikamwonyesha ukurasa ule wa kwanza, akachukua kalamu akaongeza mwenyewe namba ya chombo cha kuweka na kukopa cha kazini kwao, ambayo mimi sikuwa naijua.