Nimerudi Mahenge, nikapewa chai

Miaka 17 Ujerumani, na njia nzima nilikuwa naisubiri pantoni ya Kilombero: ile foleni, wauza samaki, upepo wa mto. Wapi! Daraja la Magufuli hilo, mita 384, tumelivuka hata karanga mdomoni sijazimaliza. Nikajua basi, huku kwetu kumegeuka kote. Tukapanda mlima mpaka nyumbani. Aliyetoka kunipokea begi ni binamu yangu, kwa mkono ule ule.

Wa huku mnaujua. Vidole vitatu vimegandana kama tangawizi. Alikuwa na miaka 8, mimi 11, jikoni kwa bibi, anakoroga uji. Kifafa kikamshika, akaangukia mafigani. Tulikuwa watu watano mle ndani. Bibi akapiga kelele, "Msimguse! Povu hilo!" Tukasimama. Mimi nilikuwa na ndoo ya maji mkononi na sikuimwaga, maana tulikua tukiambiwa ukigusa mate yake, nawe unacho. Harufu ile siielezi. Kilipomwachia ndipo shangazi akamvuta mguu, tena kauzungushia kitenge kwanza.

Bibi hakuwa katili. Kesho yake alimbeba mgongoni hadi kwa mganga, na mbuzi wawili wakaenda huko. Kinachoniuma ni kwamba dawa ilikuwapo hapa hapa Mahenge. Daktari Louise Jilek-Aall alianza kutibu kifafa huku miaka ya 1960, mama yangu hajaolewa bado. Vidonge vya fenobabitoni, bei ndogo kuliko kwato la mbuzi mmoja.

Ujerumani nilikuwa nahudumia wazee. Siku moja babu mmoja akaanguka mezani, anatetemeka. Mimi huyo, hatua mbili nyuma. Muuguzi, binti mdogo tu, akamwekea mto kichwani, akatazama saa, kilipotulia akamlaza ubavu. Akarudi kwenye supu yake. Nililia chooni.

Binamu sasa anameza dawa kila jioni, huu mwaka wa sita hajaanguka. Dawa za usubi, ule ugonjwa wa minyoo unaopofusha macho, zikigawiwa, naye anasimama kwenye kijiti cha kupimia urefu kama wenzake. Wataalamu wanauhusisha usubi na kifafa cha huku kwetu, na wanaoueneza ni vile vinzi vyeusi vya kwenye maji yanayokimbia. Tulikuwa tunavipiga makofi mgongoni tukiogelea, tunahesabu nani kaua vingi.

Basi mnaorudi, mkishamaliza kugawa manukato na simu zenu, waambieni watoto: mtu akianguka, mtoe motoni. Mgeuze ubavu. Kijiko mdomoni usimtie. Tazama saa, zikipita dakika 5 mkimbize hospitali. Mate hayaambukizi, ni uongo mtupu.

Naandika kama mwalimu, eti. Jioni binamu alinimiminia chai, akaionja kidogo kama sukari imekolea, akanipa kikombe. Nikakizungusha taratibu, natafuta upande ambao hakuuwekea mdomo. Nilidhani anatazama jiko.

"Kaka," akasema, anacheka, "nikuletee kingine?"