Mole moja Goma si lita 22.4

Mwalimu wa kemia wa umanite (shule ya sekondari Kongo) anaandika ubaoni: mole moja ya gesi (mole ni kipimo cha kiasi cha dutu), lita 22.4. Ni sawa, kwa nyuzi 0 na presha ya kPa 101.3, yaani usawa wa bahari na baridi ya barafu. Lakini Ziwa Kivu, ambalo Goma iko kando yake, liko kwenye mita 1460 hivi. Presha ya hewa Goma ni kama kPa 85, na darasa la asubuhi lina nyuzi 22. Ingiza hizo kwenye kanuni ya gesi, PV = nRT (nyuzi 22 ni kelvini 295): 8.314 × 295 ÷ 85, jibu ni lita 28.9. Karibu asilimia 29 zaidi ya kitabu! Mwanafunzi aliyepima vizuri anaambiwa amekosea, halafu anajifunza kutengeneza namba ili afanane na wenzake. Kwangu mimi hasara hiyo ni kubwa kuliko kukosa laboratwari.

Kwanza mpate presha ya kweli. Programu ya hali ya hewa kwenye simu itaonyesha hPa 1015 au hapo karibu. Msiitumie: hiyo imeshasahihishwa kwa usawa wa bahari. Simu yenye kipima presha ndani yake itawapa hPa 850 hivi, yaani kPa 85, na hiyo ndiyo mnayotaka.

Zoezi lenyewe, la kupima ujazo wa gesi, linahitaji bikarbonati ya sodiamu, siki, chupa mbili za lita moja na nusu, mpira wa serumu kutoka famasi, beseni, na mizani ndogo ya wauza dhahabu inayosoma gramu 0.01. Mizani ya jikoni haifai hapa. Pimeni gramu 2.1 za bikarbonati. Kwa kuwa mole yake ni gramu 84, hizo ni mole 0.025, na zikikutana na siki zinatoa mole 0.025 za gesi ya kaboni dioksidi (CO₂). Zifungeni ndani ya karatasi laini ya choo. Mimineni mililita 50 za siki kwenye chupa ya kwanza. Siki ya kawaida ya asilimia 5 au 6 inahitajika mililita 30 tu, lakini ikizidi ndiyo vizuri, maana bikarbonati yote lazima iishe. Chupa ya pili ijazeni maji, muigeuze ndani ya beseni, mpitishe chini yake mpira unaotoka kwenye kizibo cha chupa ya kwanza. Angusheni karatasi na kufunga kizibo mara moja. Karatasi ndiyo inayowapa zile sekunde chache za kufunga.

Kitabu kinatabiri mililita 560. Hesabu ya Goma inatabiri 722. Mkipata karibu 700, mmefanya vizuri.

Mkipata 500, tafuteni tundu. Mara nyingi gesi inatokea pale mpira unapoingia kwenye kizibo. Nta ya mshumaa inapasuka mkigusa, silikoni iliyokauka usiku mzima inashika. Sababu ya pili ni chupa ya kwanza kuwa ndogo. CO₂ inayeyuka kwenye maji, kwa hiyo ikifika yenyewe kwenye beseni sehemu yake inapotea. Chupa ikiwa kubwa, kinachosukumwa kwanza ni hewa iliyokuwemo, na hewa haiyeyuki kirahisi hivyo. Ya tatu ni kusoma vibaya: inueni au shusheni chupa mpaka maji ya ndani na ya nje yawe sawa. Maji ya ndani yakiwa juu kwa sentimita 10, presha ndani imepungua kPa 1, na mnasoma karibu mililita 9 za bure.

Kipimajoto nacho kinasingiziwa. Maji yakichemka kwenye mbabula kinasoma 95, na wanafunzi wanasema kimeharibika. Kijaribuni kwenye barafu inayoyeyuka: kikisoma 0, kizima. Hapa, kwa kuwa presha ni ndogo, maji yanachemka kwa nyuzi 95, na ndiyo maana maharage yanakula makala (makaa) mengi.

Kwa fizikia, g (mchapuko wa mvutano wa dunia, m/s²) karibu na ikweta na kwa urefu huu ni 9.78, si 9.81. Tofauti hiyo ni ndogo sana, asilimia 0.3, na pendulamu inaweza kuionyesha au kuificha. Uzi wa mita 1, upimwe kuanzia unaponing'inia hadi katikati ya jiwe, si juu yake. Hesabuni mizunguko 100: kwa 9.78 inachukua sekunde 200.9, kwa 9.81 sekunde 200.6. Msivute zaidi ya sentimita 9, yaani pembe ya nyuzi 5. Kwa nyuzi 20 muda unaongezeka asilimia 0.76, kosa linalomeza kabisa kile mlichokuwa mnatafuta. Ukweli ni kwamba madarasa mengi hayatafika 9.78. Wakipata 9.7 au 9.9 na wakaeleza kwa nini, mimi ningewapa alama zote.

Kuhusu Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari Kongo: itemu (swali) ikitoa 22.4 au g = 10, mwanafunzi atumie hiyo hiyo bila ubishi. Lakini kwenye ripoti ya zoezi mwalimu adai mambo matatu kabla ya jibu: presha, joto la chumba, na urefu wa mahali. Ripoti isiyo na presha irudishwe, hata kama jibu lake ni 22.4 kamili. Hasa kama ni 22.4 kamili.