Grovely yote: kijiji kinachopiga kelele mara moja kwa mwaka

Huku Wiltshire, kusini mwa Uingereza, kuna vijiji ambavyo ukipita na gari unaweza kudhani watu wote walihama. Nyumba za mawe, maua dirishani, paka amekaa ukutani anakuangalia kama vile unamdai, basi. Great Wishford ni hivyo hivyo. Kiko kilomita kumi hivi kutoka Salisbury, kwenye bonde la mto Wylye, watu mia tatu na kitu, kanisa, baa, na juu ya kilima kwa nyuma umelala msitu wa Grovely, mkubwa, mweusi kwa mbali hata siku ya jua. Mi napita pale kwa sababu ya kazi, nahudumia wazee majumbani, naingia nyumba hii natoka naingia ile, na kusema kweli mwanzoni nilikiona kijiji kimepoa mno, salamu yenyewe ni ya kuinua kidole kimoja kwenye usukani.

Alafu inafika tarehe 29 Mei.

Kuna bibi mmoja namhudumia pale, anakaribia miaka tisini. Aliniambia nimwite kwa jina lake, kwao ndo heshima, lakini mdomo wangu ulikataa kabisa, mtu wa umri wa bibi yangu nimwite jina kavu? Kwa hiyo namwita Bibi, kashazoea, hata kwenye simu anajitambulisha hivyo. Sasa wiki ile akaniambia usiku wa kuamkia tarehe 29 nisije nikashtuka nikisikia makelele, na nikitaka kuona vizuri nije kabla hakujapambazuka. Nikaenda, maana Bibi si mtu wa kukuambia njoo uone kitu alafu ukute hamna.

Jamani. Saa kumi alfajiri, giza bado, baridi ya huku mnaijua, linatokea kundi la watu barabarani na ngoma, filimbi, masufuria, makopo, yaani chochote cha bati, wanapita nyumba hadi nyumba wakipiga na kupayuka, na hawaondoki mpaka waone mwenye nyumba ameamka. Wale wale wa kidole kimoja! Mzee mmoja ambaye sijawahi kumsikia akisema zaidi ya "mvua inakuja" alikuwa mbele kabisa anagonga mfuniko mpaka mshipa wa shingo umemsimama. Na neno wanalolipigia kelele ni moja tu, Grovely, Grovely, Grovely, na Grovely yote!

Kijiji kikishaamka wanapanda msituni kukata matawi mabichi ya mwaloni. Hawakati ovyo, tawi lisizidi unene wa mkono wa mtu pale chini ya kiwiko. Wakirudi nalo linasimamishwa mlangoni, nyumba kwa nyumba, mpaka mtaa mzima unakuwa wa kijani. Na tawi moja la peke yake linafungwa riboni za rangi, linavutwa kwa kamba hadi juu ya mnara wa kanisa la St Giles, hilo linaitwa tawi la ndoa, eti linaleta baraka kwa watakaofunga ndoa mle kanisani mwaka huo. Nilisimama chini nikaangalia wanavyolivuta, majani yanajikwaruza kwenye mawe ya ukuta, mtu mmoja juu anaita "taratibu, taratibu", wa chini wanavuta kwa kasi ile ile, hakuna anayemsikiliza.

Kwenye matawi ya mwaloni watu wanatafuta vivimbe fulani vya mviringo, vina wekundu kidogo, wanaviita matofaa ya mwaloni, na siku yenyewe jina lake linatoka hapo, Siku ya Tofaa la Mwaloni. Si tunda kabisa. Ni nyigu mdogo sana anataga mayai kwenye chipukizi, mti unavimba pale, watoto wa nyigu wanakulia humo ndani. Bibi alinipasulia kimoja kwa kucha, ndani kama sifongo hivi, na kadudu kamejikunja. Alikuwa anafurahi kuliko mimi.

Sasa kwa nini 29 Mei? Watu wa Uingereza zamani walikuwa na sikukuu siku hiyo ya mfalme Charles wa Pili, siku yake ya kuzaliwa, na ndo siku aliyoingia London mwaka 1660 baada ya ufalme kurudishwa. Na mwaloni ni kwa sababu mwaka 1651, baada ya kupigwa vitani Worcester, alijificha juu ya mwaloni askari wakapita chini hawamwoni. Serikali iliifuta sikukuu hiyo mwaka 1859 na sehemu nyingi imesahaulika. Wishford wameng'ang'ania, ila ukiwasikiliza vizuri utagundua mfalme hawana habari naye sana. Amewapa tarehe tu. Jambo lao ni kuni.

Iko hivi. Grovely zamani ulikuwa msitu wa mfalme, na watu wa kijiji walikuwa na haki ya kuokota kuni kavu mwaka mzima na kukata matawi mabichi kwa siku yake maalumu, wakati huo ilikuwa kwenye juma la Pentekoste. Mwaka 1603 desturi zao zikaandikwa kwenye hati, nani anaruhusiwa, achukue nini, lini, na kwamba kila mwaka lazima waende Salisbury kwenye kanisa kuu wakacheze ngoma na kudai msitu wao kwa sauti kwa maneno yale yale. Yaani kelele zenyewe zimeandikwa kwenye hati! Hiyo ndo imenimaliza. Mi nilidhani ni furaha tu ya sikukuu, kumbe ni kama mtu anaenda kufufua madai yake baraza la ardhi asije akaambiwa muda umepita.

Na walikuwa na sababu ya kuogopa. Miaka ya mwanzo ya 1800 mabwana wenye ardhi Uingereza nzima walikuwa wanazungushia uzio maeneo ambayo wanakijiji walikuwa wanalisha na kuokota, na Grovely nao ukaguswa, msitu uko chini ya ukoo wa mabwana wa Wilton. Mwaka 1825 mwanamke anaitwa Grace Reed, wa kijiji jirani cha Barford St Martin ambacho nacho kina haki humo, akaingia msituni na wenzake wakachukua kuni kama kawaida yao, wakakamatwa, wakatozwa faini, wakagoma kulipa, wakapelekwa jela. Baadaye wakaachiwa kwa sababu haki yao ilionekana ni ya kweli. Kwa kuni. Mwanamke anaenda jela kwa mzigo wa kuni ambao angeutumia jioni moja ukaisha.

Mama mkubwa wangu anaishi Lushoto, chini ya msitu wa Magamba, na tulivyokuwa wadogo tukienda naye kuni tulikuwa na mlinzi wetu, mtoto mmoja anakaa njiani, akipiga mluzi maana yake bwana miti anakuja, mizigo chini, kila mtu anaanza kuokota uyoga. Nilimtumia video ya wanawake wa Wishford wakicheza na mizigo yao ya kuni. Akanirudishia sauti ya kwenye simu: "Mwanangu, hao wazungu wamekosa gesi?" Alafu ya pili: "Na hako ndo wanaita mzigo? Hako mimi nawashia moto tu." Nikamweleza habari ya hati ya 1603, akanyamaza muda, kisha akauliza swali la maana kuliko yote niliyouliza mimi, karatasi inakaa kwa nani? Maana yeye anajua mambo ya karatasi. Kwetu sheria ya misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kuwa na msitu wake na kuusimamia chenyewe, lakini anasema kati ya sheria na panga lako kurudishwa kuna mwendo.

Turudi. Asubuhi ile ile wanakwenda Salisbury, zamani kwa miguu siku hizi basi. Lile kanisa kuu mnara wake una mita 123, mrefu kuliko wa kanisa lingine lolote Uingereza, watalii wanajipanga kuingia kuona Magna Carta, ile hati ya 1215 ya kumbana mfalme, moja ya nakala nne zilizobaki. Nje kwenye nyasi wanawake wanne wamevaa magauni ya kizamani na vilemba vyeupe wanacheza na mizigo ya fito kavu, mwingine akordioni, hatua si ngumu, mbele nyuma zunguka. Alafu wote wanaingia ndani, hati inasomwa mbele ya altare, na pale kimyaa, padri yupo, kila mtu anavuta pumzi, wanapasua: Grovely! Grovely! Grovely! Na Grovely yote! Sauti inapanda juu kwenye yale matao inarudi imechelewa kidogo. Watalii wengine walishtuka hadi wakashika mikoba. Mi nilifurahi vibaya, kwa sababu hiyo Magna Carta ilihusu zaidi mabwana, ya watu wa chini kwenye misitu ya mfalme ilikuja 1217, hati ya misitu, ilikaa kwenye sheria mpaka 1971, na hiyo haina foleni.

Wana bango lao pia, limeandikwa Umoja ni Nguvu, kama msemo wa kanga, ni la klabu waliyoianzisha mwaka 1892 kulinda haki hii isiliwe. Mchana ni maandamano kijijini, chakula kwenye hema kubwa, hotuba, bia, watoto wanakimbia na majani kichwani. Chakula chenyewe sisemi kitu, nilikula kwa adabu.

Ila kilichonifanya nikipende hiki kijiji ni kwamba wana tabia hiyo hiyo kwenye vitu vingine, hawatupi kitu na wanaandika kila kitu. Ndani ya kanisa kuna mashine ya kuzimia moto ya mwaka 1728, ipo tu imekaa pale karibu na viti vya ibada. Kwenye ukuta wa uwanja wa kanisa wamechonga kwenye mawe bei ya mkate. Bei ya mkate, wadau! Zinaanzia 1800, shilingi tatu na peni nne kwa galoni, ndo kipimo chao cha zamani cha mkate, kipindi cha vita na Napoleon watu walikuwa wanashinda njaa, kisha bei za miaka mingine zikaongezwa kidogo kidogo mpaka siku zetu. Mtu alikuwa na hasira akaona aichonge. Nimewahi kuona mawe ya wafu, ya mashujaa, ya mawaziri waliofungua kisima, lakini la kumshtaki mwoka mikate ndo la kwanza.

Na kuna mnada wao wa nyasi, Jumatatu kabla ya sikukuu ya Kupaa, wanauza haki ya majani ya vipande viwili vya malisho. Mzee wa kanisa anatembea jioni kutoka mlango wa kanisa mpaka geti, anarudi, anaenda tena, ufunguo wa kanisa mkononi, watu wanataja bei, na jua likizama tu anaupiga ufunguo kwenye geti, aliyetaja mwisho ndo kapata. Sasa fikiria siku ya mawingu, na mawingu huku ndo kawaida, mnabishanaje kwamba jua limezama? Bibi anasema hawabishani. Siamini.

Nilimuuliza Bibi jambo lililokuwa linanisumbua, nyumba yako ina hita, unabonyeza inawaka, wewe kuni za nini? Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anafunga mlango usiku. "Mwaka tusipoenda watasema tumeacha." Basi, akaomba chai.

Kitu kinachonikera mimi, na hili ni langu sio la Bibi, haki hii ni ya wakazi. Ukikaa Wishford unayo, ukihama huna. Na nyumba za vijiji hivi bei zake ni za kutisha, vijana waliozaliwa pale wengi wanapanga vyumba Salisbury au kwingine wanakoweza, huku anayenunua ni mtu kutoka mbali, mstaafu ana hela yake, anahamia mwezi wa nne na mwezi wa tano ana haki ya msitu iliyofungisha watu jela. Sina ugomvi naye, mwingine ndo huyo anayegonga sufuria kwa bidii. Ila mjukuu wa Bibi kazaliwa kijijini hapo, baba yake hapo, babu yake hapo, na kwenye hati hayumo tena.

Nilimkuta alfajiri ile anashuka kutoka msituni na tawi begani, refu kuliko yeye, majani yanaburuza barabarani. Nikamtania, wewe si wa Salisbury siku hizi, umekata kwa ruhusa ya nani? Akacheka, akalihamishia bega la pili. "Tawi ni la bibi," akasema, "mimi mchukuzi tu."