Nilivyoipima laptopu yangu kabla ya kuamini maneno ya Mwanjelwa

Kazi yangu ni kuediti video za harusi na sendofu hapa Mbeya. Kuanzia mwezi wa sita watu wakishavuna na kuuza, sherehe zinafuatana hadi unakosa usingizi, na kila bibi harusi anataka video yake kabla wageni hawajasahau nani alitunza nini. Kwa kazi hiyo laptopu isiyo na kadi ya grafiki ya kujitegemea, yaani chipu yake maalumu ya picha, ni mateso matupu. Yangu niliinunua Kariakoo, ya mtumba, na ilikuwa inapiga kazi bila kelele mpaka msimu mmoja ikaanza kujizima katikati ya kurenda, yaani pale inapoikusanya video iliyoeditiwa kuwa faili moja. Bila onyo. Kioo kinakuwa cheusi, feni inanyamaza, na ukiigusa unaweza kudhani imetoka jikoni.

Ilichagua wakati mbaya, maana Mwanjelwa nzima, soko letu hapa Mbeya, ilikuwa na habari moja: laptopu zenye kadi za grafiki za kampuni ya Nvidia, kama yangu, zilizoingia safari hii ni mbovu, zinaungua zenyewe, eti kuna kontena zima lilikataliwa Ulaya likasukumwa huku kwetu. Ukiuliza nani kaliona hilo kontena, unaambiwa kuna jamaa wa Dar kasema. Bei za mtumba zikaporomoka, na nikaona baadhi ya waliokuwa wanaitangaza habari hiyo kwa sauti kubwa ndio hao hao waliokuwa wananunua. Sisemi zaidi.

Nilimpelekea fundi mmoja. Hakuifungua hata skrubu moja. Aliishika, akasikiliza maelezo yangu nusu, akasema, "Kaka, huu ugonjwa wa kiwandani. Dawa yake ni kuipiga moto chipu, risasi ya kulehemu iyeyuke ikae upya. Elfu themanini."

"Na ikishapigwa moto inapona moja kwa moja?"

"Inapona. Ikirudi unaniletea."

Hilo la "ikirudi" ndilo lililonifanya nibebe mashine yangu nirudi nayo nyumbani. Bando nililonunua usiku huo lilikuwa rahisi kuliko elfu themanini, na nilitaka kujua haya maneno yametoka wapi.

Kumbe yana mizizi miwili, na yote ni ya kweli, ila hakuna hata mmoja unaoigusa laptopu yangu. Wa kwanza ni wa zamani. Julai 2008 Nvidia yenyewe ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na milioni 200 kwa ajili ya matengenezo, kwa sababu baadhi ya chipu zake za laptopu za miaka ile zilikuwa zinakufa kwa wingi usio wa kawaida. Kabla ya tangazo hilo watu walikuwa wanalalamika na kuambiwa ni uvumi. Tatizo lilikuwa ndani ya chipu yenyewe: kipande cha silikoni kimeunganishwa na kitako chake kwa vitone vidogo sana vya risasi, na gundi inayojazwa kati ya vitone hivyo ilikuwa inalainika mapema mno joto likipanda. Kila mashine ikipata moto na kupoa, vitone vinavutwa na kusukumwa, mwisho vinapasuka. Ikabidi Dell iongeze muda wa waranti kwa miezi 12, HP kwa miezi 24 kwa modeli zilizohusika, na zikatoka programu mpya za BIOS, ile inayoendesha mashine kabla Windows haijawaka, za kufanya feni ianze kuzunguka mapema. Oktoba mwaka huo huo Apple nayo ikakubali kutengeneza bure MacBook Pro zenye kadi ya GeForce 8600M GT zilizopatwa.

Hapo ndipo nilipoelewa dawa ya fundi wangu. Mashine za enzi hizo watu walikuwa wanazipiga moto, wengine walidiriki kuweka bodi kwenye oveni ya keki, na kweli zilikuwa zinawaka. Joto linatanua kila kitu, nyufa zinagusana kidogo, picha inarudi. Baada ya muda inakufa tena, kwa sababu vitone vilivyopasuka havijarudi kuwa vizima. Fundi ameshalipwa, na mteja anaporudi analipa tena.

Mzizi wa pili ni wa karibuni zaidi. Oktoba 2022 zilianza kusambaa picha za plagi za umeme zilizoyeyuka kwenye kadi ya RTX 4090. Mwezi uliofuata Nvidia ikasema inazo taarifa za kesi kama 50 dunia nzima, na kwamba nyingi zilionekana kutokana na plagi kutosukumwa hadi mwisho. Lakini ile ni kadi ya kompyuta ya mezani, pande kubwa kama tofali, na plagi inayozungumzwa haipo kabisa ndani ya laptopu. Safari ya kutoka huko hadi Mwanjelwa ndiyo iliyoibadilisha plagi ikawa kontena.

Basi, kama siyo hayo, yangu inaumwa nini? Nikaamua kuipima badala ya kuibashiria.

Ukishaweka draiva ya Nvidia, programu inayoiendesha kadi, kunakuwa na programu ndogo ndani yake ambayo wengi hawaijui. Unafungua lile dirisha jeusi la amri, unaandika nvidia-smi -l 2, na kila baada ya sekunde mbili inakuandikia joto la kadi, umeme inaokula na kumbukumbu inayotumika. Kwa prosesa, chipu kuu ya mashine, nikashusha programu ya kupima iitwayo HWiNFO, ni ya bure. Nikaziweka zote mbili upande mmoja wa kioo, upande wa pili nikaanza kurenda video ya harusi ya Uyole, ndefu, yenye kwaya mbili na maigizo ya wajomba.

Kadi ilipanda taratibu ikafika nyuzi 86, ikasimama. Prosesa haikusimama. Ilipita 90 mapema, ikafika 100 na kung'ang'ania hapo, kasi yake ikishuka na kupanda yenyewe kujiokoa. Kwa prosesa nyingi za Intel za laptopu, 100 ndiyo dari. Kisha giza.

Nilipoiwasha tena nikaingia kwenye kumbukumbu za matukio za Windows. Kadi ya grafiki ikianguka, mara nyingi inaacha alama yake: tukio namba 4101, la draiva ya picha kugoma na kufufuka. Halikuwepo. Nilichokuta ni namba 41 ya Kernel-Power, ambayo maana yake ni kwamba mashine ilizimika bila kuagana na mtu. Nikaunganisha televisheni kwa waya wa HDMI nikacheza video muda mrefu: hakuna mistari ya rangi, hakuna vidoadoa, hakuna picha kukatika. Kadi niliyoambiwa ni mbovu ilikuwa nzima, ila imefungwa kwenye bomba moja la kupozea na prosesa inayochemka, nayo inavuta moshi wa jirani.

Nikaifungua siku ya pili, mchana, kwenye meza yenye mwanga. Feni zilionekana safi. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika: wanapuliza feni, wanaona mabapa yanang'aa, wanafunga. Uchafu haukai kwenye feni. Unakaa nyuma yake, pale hewa inapoingia kwenye vile vibati vyembamba vya shaba kabla ya kutoka nje, na huwezi kuuona mpaka utoe kifuniko cha feni. Nilipokitoa nikakuta kitambaa. Namaanisha kitambaa kabisa, zulia la unyoya wa vumbi lililoshikana, unene kama wa sweta, rangi ya udongo mwekundu kwa nje na kijivu kwa ndani. Nililiinua kwa kibano likatoka zima, na lilikuwa na umbo la mdomo wa feni.

Ule wekundu niliujua. Barabara kuu ya TANZAM ilikuwa inapanuliwa kuwa njia nne, na kiangazi cha Mbeya kikikutana na magreda, hata uji unakuwa na mchanga. Wageni wanasema nyie wa nyanda za juu mna baridi, kompyuta zenu haziwezi kuchemka. Baridi inasaidia, sikatai, ingawa kwa mwinuko wetu wa mita 1,700 hivi hewa ni nyepesi na feni inapata kazi zaidi kusukuma kiasi kile kile cha ubaridi. Lakini tundu likizibwa, hata ukiiweka mashine kwenye baridi ya Kitulo itachemka.

Pesti ya kupitisha joto kati ya chipu na kipande cha kupozea ilikuwa imekauka, inabanduka kama rangi ya ukuta wa zamani. Nikaifuta kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, nikaweka mpya. Kidogo, kiasi cha punje ya mchele kwenye prosesa, kubwa kidogo ya hapo kwenye kadi. Pesti za bei ya kutupwa zinazouzwa kwenye sindano zisizo na jina sizipendi. Ile iliyokauka huenda ilikuwa ya namna hiyo. Vile vipande laini vinavyokaa juu ya chipu za kumbukumbu sikuvigusa, kwa sababu unene wake una vipimo na ukibandika kinene kuliko cha awali, kipozeo kinainuka na chipu kubwa inakosa kugusana nacho. Na unapopuliza hewa, shikilia feni kwa kidole isizunguke. Ikizungushwa kwa nguvu ya kompresa bearingi zinakwisha.

Nikarenda harusi ile ile ya Uyole. Prosesa 88, kadi 74. Ikamaliza.

Sikutosheka na 88, kwa hiyo nikaingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, kiwango cha juu cha prosesa nikakitoa asilimia 100 nikaweka 99. Inaonekana kama utani, lakini kwa prosesa za Intel hiyo asilimia moja inazima ile kasi ya ziada inayojipandisha yenyewe, na ndiyo inayokula umeme kuliko yote. Joto likashuka hadi kwenye 70 na kitu. Kurenda kukachelewa kidogo tu, kwa kuwa kazi nzito ya kubana video inafanywa na kadi. Msimu ukiisha huwa nairudisha 100.

Habari haikai. Jirani yangu wa stesheneri akaleta yake, kisha wanafunzi wa chuo cha Iyunga wakaanza kuja na zao, kila mmoja ameshaambiwa kadi yake ni ya lile kontena. Nikawa napima kwanza, nafungua baadaye, na nilichokuta kwa wanafunzi ni tofauti na changu: nyuzi za blanketi. Mwezi wa saba hosteli ni baridi ya kung'ata, dogo anapanda kitandani na laptopu, anaizamisha kwenye blanketi akiangalia muvi, matundu ya chini yote yamezibwa. Mmoja alinibishia kwamba anaiweka kwenye blanketi makusudi ili isipate baridi. Nilimpa kipande cha mbao aweke chini yake, nikamwambia hicho ndicho kipozeo, asinunue kile chenye taa za bluu.

Sikutaka kuwa mtu wa kusema kila kitu ni vumbi, maana huo nao unakuwa uvumi wangu mwenyewe. Ikaja mashine ya mwalimu kutoka Tukuyu, mtu mzima, kaja na kiroba cha ndizi kabla hata sijaiona laptopu yenyewe. Ilishapigwa moto na fundi, ikakaa vizuri kidogo, ikarudia. Ndani safi. Joto la kadi lilikuwa 55, la kawaida kabisa, na bado kioo kilijaa vipande vya zambarau na mistari. Nikaiunganisha kwenye televisheni: zambarau ile ile, mistari ile ile. Kama kioo au waya wake ndio ungekuwa mbovu, televisheni ingeonyesha picha safi. Ile 4101 nayo ilikuwa imejipanga tele kwenye kumbukumbu.

"Mwalimu," nikamwambia, "hii yako kadi imekufa kweli. Kubadilisha chipu ni gharama kuliko mashine yenyewe, na kupiga moto tena ni kutupa hela."

"Sasa mitihani yangu ya darasa la saba nitachapia nini, mwanangu?"

Bahati nzuri prosesa yake ilikuwa na grafiki yake ndogo ya ndani. Nikaingia kwenye orodha ya vifaa vya Windows, nikaizima ile kadi mbovu, nikawasha upya. Zambarau ikapotea. Haitaweza gemu wala kuediti video, lakini kwa kuandika na kuchapa inatosha. Akafungua mtihani wa hesabu, akashuka ukurasa mpaka mwisho, akapanda tena juu, akaanza kurekebisha swali la tano hapo hapo mezani kwangu.

"Ndaga fijo," akanishukuru kwa Kinyakyusa bila kuinua macho. Basi la Tukuyu alikuja kulikimbilia jioni.