Zamu haikuwa yangu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni Ruthu, sura ya 2 hadi ya 4. Vijana wawili wa kikundi chetu, kila mmoja kwa wakati wake, wameniomba niseme neno kuhusu kumpenda mtu unayefanya naye kazi. (Kama wanapendana wao kwa wao, sijui. Sikuuliza.)

Niseme mapema kwamba sioni dhambi hapo. Hapa Mwanza tunatoka Buhongwa au Igoma alfajiri, tunarudi giza limeshaingia, na Jumapili tuko ibadani. Mwenzi utampata wapi basi, kama si kanisani au kazini? Hata Ruthu na Boazi walikutana shambani, wakati wa mavuno ya shayiri. Ila mmoja alikuwa mwenye shamba, mwingine mjane mgeni anayeokota masazo. Hapo ndipo penye ugumu.

Jambo hilo lilinikuta. Miaka hiyo nilikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, kando ya ziwa. Kulikuwa na dada mmoja aliyepanga trei kwenye chumba cha baridi. Siku moja nilimkuta mlangoni amevua glavu, anapulizia vidole vyake pumzi, ncha zimekuwa nyeupe kama chaki. Kesho yake nikamhamishia meza ya kusafisha minofu, ambako kuna nafuu. Sababu sikumwambia mtu. Nilijiona nimetenda wema.

Kina mama wa zamu hawakuhitaji kuambiwa. Aliyeondolewa mezani ili kumpisha alikuwa mama wa watoto wanne. Wiki haijaisha, dada yule kashapewa jina, "mke wa bosi", na akiingia chumba cha kubadilishia nguo maongezi yanakatika. Mimi hakuna aliyenisema. Siku ya mshahara alinifuata nje, gambuti mkononi, akaniambia, "Kaka, naomba unirudishe kwenye baridi. Kule nilikuwa na watu."

Usiku ule nilifungua Ruthu nikitafuta wa kunitetea. Si Boazi naye alipendelea? Aliwaagiza vijana wake wamwachie Ruthu masuke makusudi (2:16). Nilirudia mstari ule mara tatu ndipo nikaona. Boazi aliagiza waziwazi, wavunaji wakisikia, na masuke yalikuwa yake. Mimi nilikuwa nimegawa meza ya watu na nafuu ya mama mwingine. Zamu haikuwa yangu. Tena kabla hajamwongezea Ruthu hata suke moja, Boazi alikuwa ameshawakataza vijana wasimguse (2:9).

Ndugu mwenye cheo, mtu aliye chini yako akikuchekea, usikimbilie kusema amependa. Jibu lake linapitia kwanza kwenye kodi ya chumba na ada ya mtoto. Na ukishaweka sharti, iwe ni mkataba, zamu nzuri au kupandishwa daraja, hapo mapenzi hayapo. Hiyo ni rushwa ya ngono, na imo katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25. Dada ukifanyiwa hivyo, omba, ndiyo, lakini nenda pia TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa. Anayekuambia uombe tu ukae kimya hakutakii mema, hata kama ana Biblia mkononi.

Walio sawa kwa cheo mzigo wao ni mwepesi. Kinachowasumbua zaidi ni siri, na siri ya kazini haidumu. Mhudumu wa chai huwa anajua kabla yenu.

Boazi pia alikuwa na siri. Sura ya 3, usiku, uwanja wa kupuria, na Ruthu anaondoka kabla watu hawajaweza kutambuana. Angeweza kuliacha jambo gizani likaendelea hivyo hivyo. Siku hiyo hiyo akapanda langoni, akaketi na wazee 10, akamwita ndugu aliyekuwa na haki kumzidi yeye ya kukomboa, yaani kulinunua shamba la marehemu na kumwoa Ruthu. Na ndugu yule mwanzoni alikubali kukomboa! (4:4) Someni hapo polepole. Boazi alilipeleka jambo lake mahali ambapo angeweza kumkosa Ruthu mbele ya watu wote.

Mimi nilianza kwa kumrudisha yule mama mezani pake na kumwomba radhi. Kisha nikamweleza meneja ukweli, nikaomba zamu nyingine. Nikapewa ya usiku. Miezi ikapita ndipo nikamwendea mzee wa kanisa, naye akamtuma mama mmoja asiyehusika na kiwanda akamuulize dada yule, awe huru kujibu.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Alikataa.

Jumatatu yake asubuhi mimi nilikuwa natoka zamu, yeye anaingia. Getini nikatazama chini, nikijifanya natafuta kitambulisho. Akasimama.

"Mwangaluka, kaka," akanisalimu kwa Kisukuma, akapita ndani na wenzake.