Mauzo ya usiku yaliyokuwa yakihamia jana

Kampuni yetu ya ushauri ilinipeleka kwa mteja mwenye vituo vya mafuta Dar es Salaam. Malalamiko yalikuwa yale yale kila wiki: ripoti ya siku hailingani na daftari la zamu. Wenzangu walishawashuku wauza mafuta, na mimi kidogo nikaamini.

Mhasibu ndiye aliyenifungua macho. Alifungua kaunta buku lake, akaweka kidole kwenye risiti ya kwanza ya siku: saa sita na dakika kumi na moja usiku. Kwenye ripoti yangu ya kompyuta, siku hiyo hiyo ilianza saa tisa kasoro… hapana, saa tisa na dakika nne. "Kijana, saa tatu zangu ziko wapi?"

Saa tatu! Seva, kompyuta inayotunza mauzo, ilihesabu siku kwa UTC, saa ya rejea ya dunia, nasi tuko mbele yake kwa saa 3. Kila kilichouzwa kati ya saa sita na saa tisa usiku kiliandikwa kwenye tarehe ya jana yake.

Nikaandika AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam', amri ya kubadili kanda ya saa, kwenye PostgreSQL, programu ya hifadhidata yao; mambo yakazidi kuharibika: saa zilirudi nyuma badala ya kwenda mbele. Safu ya muda wa mauzo ilikuwa timestamp tupu, yaani tarehe na saa isiyojua kanda yake, hivyo hifadhidata ilidhani ni saa za Dar tayari. Ilibidi nitangulize AT TIME ZONE 'UTC', kisha ya Dar, ndipo nikatoa tarehe.

Nikamwita mhasibu. Akajumlisha kwa kikokotoo chake, mara mbili, akaagiza chai.